Kidole Tumbo Kiko Wapi?

Mama mdogo alipoanza kuvimba tumbo, mtaa ulikuwa na jibu kabla ya daktari. Alikuwa na miaka 51, mjane, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Magauni yalianza kumbana huku mashavu na mikono vikikonda. Wapo waliosema ana mimba, wakaanza kukumbuka ni mwanamume gani aliwahi kuonekana barazani kwake. Wapo waliosema amechezewa. Yeye mwenyewe alisema ni gesi, akawa anakunywa maji ya tangawizi asubuhi na jioni.

Siku ya upasuaji, daktari alitoka akatuambia kwamba ndani hawakukuta maji kama walivyotarajia. Walikuta ute mzito wa manjano, umegandamana kama uji wa muhogo uliolala. Waliuchota kwa mikono na kwa bakuli. Walitoa ovari zote mbili pamoja na kizazi, kwa kuwa ovari zilikuwa zimevimba na kujaa ute huohuo. Wiki tatu baadaye karatasi ya patholojia ikasema saratani ya ovari. Akaanzishiwa dripu za dawa za saratani. Baada ya dripu ya pili nywele zilikuwa zimekwisha, naye akarudi darasani kajifunga kilemba, akifundisha hesabu za sehemu kwa sauti ya mtu anayezuia kutapika.

Dripu ya nne haikufika. Sampuli zake zilikuwa zimepelekwa hospitali nyingine ziangaliwe upya, na daktari wa patholojia wa huko alipiga simu kuuliza jambo moja tu: kidole tumbo kiko wapi?

Hakuna aliyejua. Ripoti ya upasuaji ilitaja ovari, kizazi, ini, utumbo, hata lita za ute. Kidole tumbo hakikutajwa popote. Kilikuwa bado kimo ndani.

Mimi nasoma uzamili wa historia. Tasnifu yangu inahusu reli ya Tanga, na wakati huo nilipaswa kuwa nasoma nyaraka za Wajerumani kuhusu mataruma. Badala yake nilikaa wiki kadhaa nikisoma historia ya tumbo. Sijifichi: nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu. Nilitaka kuonyesha kwamba daktari fulani alifanya uzembe mahali fulani. Nilichokikuta ni mazoea yenye umri mkubwa kuliko hospitali zetu zote.

Ugonjwa wenyewe, kwa jinsi unavyoeleweka leo, huanza polepole sana. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Ngozi yake ya ndani hutengeneza ute, kama ilivyo sehemu nyingine za utumbo. Kwa watu wachache mno, seli hizo huanza kuongezeka kuliko inavyotakiwa na kutengeneza ute usiokoma. Mlango wa kifuko huziba, kifuko hujaa, kisha hupasuka, mara nyingi bila maumivu ya kumfanya mtu aende hospitali. Hata tundu lenyewe laweza kujifunga. Ila seli zimeshatoka, na zinaendelea kutengeneza ute huko nje.

Hapo ndipo kuna ujanja uliowapotosha madaktari. Tumboni mna majimaji kidogo yanayozunguka muda wote, nazo seli huelea humo kama maganda ya nazi mtoni. Hukusanyika pale ambapo majimaji hufyonzwa: chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, hasa kulia, na kwenye pazia la mafuta linalofunika utumbo. Nyingine huzama hadi kwenye nyonga. Utumbo mwembamba, kwa kuwa haukai kimya, hubaki msafi kwa muda mrefu. Na nyongani, kwa mwanamke, kuna ovari, ambazo uso wake hupasuka kidogo kila yai linapotoka. Seli hujishika hapo na kustawi. Daktari akifungua tumbo miaka kadhaa baadaye anaona ovari mbili kubwa kama matikiti yaliyojaa ute, na mahali fulani nyuma kuna kidole kilichonyauka ambacho hakimwiti mtu.

Kwa aina ya polepole, seli hizi ni nadra kusafiri kwa damu kwenda mapafuni au kwenye ubongo, kama zifanyavyo saratani nyingi. Zinabaki tumboni na kujaza nafasi. Mwisho utumbo hubanwa, chakula hakipiti, na mtu hufa kwa njaa akiwa na tumbo lililojaa. Kwa wanaume wakati mwingine ugonjwa hugunduliwa kwa ajali: mtu anapasuliwa ngiri, na ndani ya mfuko wa ngiri daktari anakuta jeli.

Kwa nini basi ovari ndiyo iliyobeba lawama? Nadhani ni kwa sababu ovari ilikuwa na hadithi nzuri.

Mwaka 1809, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mama mmoja aitwaye Jane Todd Crawford alikuwa na tumbo kubwa lililodhaniwa kuwa mimba iliyopitiliza. Aliitwa daktari Ephraim McDowell, akampima, akamwambia si mimba, ni uvimbe wa ovari. Akamwambia pia kwamba hakuna aliyewahi kuutoa uvimbe wa namna hiyo, na kwamba yeye yuko tayari kujaribu ikiwa mama atakwenda hadi nyumbani kwake Danville. Mama Crawford alipanda farasi, karibu kilomita 100 wakati wa baridi, tumbo likiegemea tandiko mpaka likachubuka. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijagunduliwa. Alilala juu ya meza akisoma zaburi huku anakatwa. McDowell aliandika baadaye, mwaka 1817, kwamba walitoa ratili 15 za kitu kichafu kama jeli, kisha mfuko wenyewe wenye uzito wa ratili saba na nusu. Kwa pamoja ni zaidi ya kilo 10. Shughuli yote ilichukua kama dakika 25. Siku ya tano alimkuta mgonjwa wake anatandika kitanda.

Mama Crawford aliishi miaka 32 zaidi. Kwa hiyo uvimbe wake haukuwa huu wa mama mdogo. Ulikuwa wa ovari kweli, mzima, usiopasuka. Lakini naona jinsi habari kama hiyo inavyokaa kichwani mwa taaluma. Karne ya 19 yote wapasuaji wa Ulaya na Marekani walijenga majina yao kwa kutoa ovari zilizojaa jeli. Ukikuta jeli tumboni mwa mwanamke, ulikuwa unajua pa kutazama.

Nilipomsomea mama mdogo habari za huyu mama, alinikatiza kwenye farasi. "Na waliomwambia ana mimba," aliuliza, "walimwomba radhi?"

Mwaka 1884 daktari Mjerumani wa magonjwa ya wanawake, Richard Werth, aliupa ugonjwa jina ambalo bado uko nalo: sudomiksoma ya peritonia. Ukilivua nguo jina hilo la Kigiriki, unabaki na "uvimbe wa ute wa uongo" katika utando wa tumbo. Werth aliona kwamba ute ulioenea tumboni ulitoka kwenye uvimbe wa ovari uliopasuka. Aliandika alichokiona. Ninapousoma mwaka huo kama mwanahistoria, nakumbuka kwamba kidole tumbo kilikuwa bado hakijashtakiwa kwa kosa lolote. Kilijulikana, hilo halina ubishi. Vesalius alikwishakichora mwaka 1543, na mwaka 1735 Claudius Amyand, mpasuaji wa London, alikikata kwa mtoto wa miaka 11 baada ya kukikuta ndani ya ngiri kimetobolewa na pini. Lakini watu waliokufa kwa usaha upande wa kulia wa tumbo waliandikiwa ugonjwa wa jirani yake, yule utumbo kipofu unaokishikilia. Ni mwaka 1886, miaka miwili baada ya Werth, ndipo Reginald Fitz wa Boston alipowaonyesha wenzake kwamba mkosaji ni kidole tumbo, akaupa ugonjwa ule jina lake la leo.

Yaani kiungo hiki kimejificha nyuma ya majirani mara mbili. Mara ya kwanza nyuma ya utumbo, mara ya pili nyuma ya ovari.

Wazungu walikiita kwa Kilatini kiambatisho chenye umbo la mnyoo. Kiambatisho! Sisi wa uzamili tunajua hali ya viambatisho: vinakaa mwisho wa tasnifu, baada ya marejeleo, na hata msimamizi havifungui. Kiswahili kimekiita kidole, na kwangu jina hilo lina heshima zaidi.

Kinachoniuma katika historia hii ni kwamba jibu lilikuwepo. Mwaka 1842 huko Vienna, Karl von Rokitansky, aliyetumia maisha yake kuchunguza maiti, alikwishaeleza kidole tumbo kilichovimba na kujaa ute. Na mwaka 1901 mwanapatholojia Mjerumani, Fränkel, aliandika juu ya sudomiksoma iliyotoka kwenye kidole tumbo. Mwaka uliofuata kidole tumbo kikawa maarufu duniani: mfalme wa Uingereza, Edward VII, alipatwa na jipu la kidole tumbo, akapasuliwa Juni 24, 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa, na sherehe ikaahirishwa hadi Agosti. Umaarufu huo ulikuwa wa usaha na homa na maumivu ya ghafla. Ute uliokuja kimyakimya haukuwa na mfalme wake.

Wanaume pia waliugua, na mwanamume hana ovari. Mtu angedhani hilo lingetosha kumaliza ubishi. Halikutosha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu viliweka vyanzo viwili kando kwa kando: kwa wanaume kidole tumbo, kwa wanawake ovari. Ugonjwa mmoja uligawanywa kwa jinsia ya mgonjwa, na hata idara: mwanaume alikwenda kwa mpasuaji wa kawaida, mwanamke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na kila mmoja alikagua eneo lake. Nikiwa nasoma hilo nilikumbuka mlango wa wodi alikolazwa mama mdogo.

Ushahidi ulikuja miaka ya 1990. Wanapatholojia waliona kwamba ovari moja tu inapoathirika, mara nyingi ni ya kulia, upande wa kidole tumbo. Walipozipaka seli za ovari rangi maalumu za kutambua asili yake, zilijibu kama seli za utumbo. Walipochunguza jeni, hitilafu iliyokuwa kwenye uvimbe wa kidole tumbo ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye ovari za mwanamke huyohuyo. Leo inakubalika kwamba karibu zote zinaanzia kwenye kidole tumbo, isipokuwa chache mno, ikiwemo zile zinazotoka kwenye uvimbe fulani wa ovari wenye tishu mchanganyiko kama nywele na meno. Werth hakusema uongo, basi. Alikuta mahali ugonjwa ulipofikia, akapaandika kuwa ndipo ulipoanzia.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote alipita karibu nasi. Septemba 1992 mwigizaji Audrey Hepburn, akiwa balozi wa UNICEF, alikwenda Somalia iliyokuwa katika njaa na vita. Alifika hata Kismayu, mji ambao Wabajuni wake huzungumza lahaja ya lugha hii ninayoiandika. (Congo nako alikwishafika: mwaka 1958 alipiga picha za filamu Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.) Baada ya safari ya Somalia maumivu ya tumbo yalimzidi. Novemba 1 alipasuliwa Los Angeles, ugonjwa ukakutwa umetapakaa tumboni kutoka kwenye kidole tumbo. Alifariki Uswisi Januari 20, 1993, akiwa na miaka 63. Magazeti yaliandika saratani ya utumbo mpana. Hata mtu yule aliyepigwa picha kila siku alizikwa kwa jina la ugonjwa wa jirani.

Kuhusu tiba nitakwenda haraka, maana mimi si daktari. Zamani walikuwa wakifungua, wanachota, wanafunga, na ute ukirudi wanafungua tena, mpaka makovu yanakuwa mengi kiasi kwamba hakuna pa kupitisha kisu. Katika kundi moja la wagonjwa 56 lililoripotiwa mwaka 1994 kutoka kliniki ya Mayo, waliokuwa hai baada ya miaka 10 ni asilimia 32. Karibu mwaka 1980, tena Kentucky, John Spratt na wenzake walimwosha mgonjwa wa ugonjwa huu tumbo lote kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto. Kisha Paul Sugarbaker wa Washington akaunganisha mambo mawili: kuondoa kila utando uliochafuka, hata kwa saa 10 mezani, na hapohapo kumimina dawa ya joto la nyuzi 41 au 42 kabla ya kushona. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 2,298 kutoka vituo 16 duniani: asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka 10. Wagonjwa wa vituo vikubwa huchaguliwa, kwa hiyo tarakimu hizo mbili hazifai kulinganishwa kama bei za sukari. Hata hivyo nilizinakili kwenye daftari na kuzipigia mstari.

Dripu za mshipani, zile zilizomaliza nywele za mama mdogo, huzigusa kidogo sana seli hizi za polepole. Hilo nililisoma usiku, nikafunga kompyuta.

Hukadiriwa kwamba ugonjwa huu humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ikiwa kiwango hicho kinafaa kwetu, kila mwaka wapo kati ya 60 na 120. Mama mdogo ni mmoja. Hao wengine ninawafikiria sana: wameandikiwa ovari, au kifua kikuu cha tumbo, au hawakuandikiwa chochote, wamezikwa wakiwa wamerogwa na majirani wasio na habari.

Upasuaji wake wa pili ulifanyika hospitali nyingine. Kidole tumbo kilikutwa kimejikunja nyuma ya utumbo, kigumu, urefu wa kipande cha sigara, ncha yake imegandana na nyama za pembeni. Walikitoa pamoja na pazia la mafuta na ute uliokuwa umebaki. Majibu ya safari hii yalisema uvimbe wa ute wa kidole tumbo, daraja la chini. Dripu zilisimamishwa. Tukaambiwa kuna ule upasuaji mkubwa wa dawa ya moto, kwamba ute ukirudi itabidi tuufikirie, na kwamba huenda safari ikawa India. Mjomba ameshaanza kutaja kile kiwanja cha Mkanyageni.

Mama mdogo aliniuliza kama ovari zake zilikuwa nzima. Nilitamani kusema ndiyo au hapana. Nilimwambia ukweli nilioambiwa na daktari: zilikuwa zimeshaingiliwa, na hata wangejua chanzo tangu mwanzo huenda wangezitoa vilevile. Dripu ndizo zisingekuwepo. Na miezi ile.

"Kwa hiyo hawakukosea kukata," alisema. "Walikosea kuandika."

Nilimsindikiza kliniki mwezi uliopita. Nywele zimeota, fupi na nyeupe kuliko zamani, na CT ya mwisho ilikuwa safi. Mapokezini daftari lake bado liliandikwa saratani ya ovari juu ya jalada. Alimwomba muuguzi arekebishe. Muuguzi, binti mdogo mwenye foleni ndefu, alisema kwa upole kwamba kwenye mfumo wa kompyuta chaguo hilo halipo, labda aweke "Nyinginezo". Mama mdogo akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, akakata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: kidole tumbo.

Muuguzi akaligeuza daftari upande wake, akasoma. "Kidole tumbo si kinauma siku moja unakatwa unarudi nyumbani, mama?"

"Una dakika ngapi, mwanangu?" mama mdogo akamuuliza, akavuta kiti.